Ndoo za Bondeni

Tusidanganyane. Watu wa kilimani na watu wa bondeni hawakuanza kuumizana siku ya mafuriko. Siku ya mafuriko walivutana kwa kamba. Walibebeana watoto, walibebeana wagonjwa, na mwanamume mmoja wa kilimani, mkali ambaye hata salamu yake aliitoa kwa masharti, alimbeba mgongoni bibi kizee wa bondeni tangu mtoni mpaka shuleni, bibi akilalamika njia nzima kwamba anabebwa vibaya. Watu waliicheka habari hiyo kwa muda mrefu. Ugomvi ulikuja baadaye, maji yalipokwisha kwenda zake na kila mtu akatazama kilichobaki, akaona hakitoshi.

Kilichobaki ni pamoja na mashine ya kusaga ya Mama Mashine. Ilibaki, lakini usifikiri ilibaki inang'aa. Ilizikwa kwenye tope mpaka shingoni. Yeye na mumewe, fundi muashi, mtu wa maneno machache na mgongo mbovu, waliifukua kwa sufuria na mikono, wakaifungua kipande kwa kipande, wakaosha kila nati kwa dizeli, wakaanika mkanda wake juani kama watu wanaoanika samaki. Siku injini ilipokohoa na kuwaka, fundi alikaa chini akafunika uso kwa mikono. Mkewe alidhani amefurahi. Kumbe alikuwa amechoka tu.

Sasa, kuhusu huyu mama. Alizaliwa kilimani, akaolewa bondeni, na miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza yeye ni wa wapi. Mashine yake ilikuwa bondeni lakini karibu kabisa na kivuko, hatua chache tu kutoka ukingoni, kwa hiyo watu wa kilimani waliteremka, wakavuka, wakasaga, wakapiga soga, wakapanda kwao. Kaka yake mkubwa, mwenyekiti wa kilimani, alikuwa anakuja kusaga mwenyewe ingawa nyumbani kwake wamejaa watu wa kutumwa. Alikuwa anakuja kumwona dada yake, na mahindi yalikuwa kisingizio.

Basi mto ukahama. Ndiyo, ulihama, kama mpangaji. Mafuriko yaliuchimbia njia mpya nyuma ya mashine, na maji yalipopungua haukurudi ulikotoka. Mashine, nyumba ya fundi na ule mkanda mzima wa mashamba ya udongo mweusi, vyote vikajikuta upande wa kilimani. Na wazee wa pande zote mbili walikuwa wamerithi neno moja tu kuhusu ardhi ile: mpaka ni mto. Hakuna aliyeweka jiwe, hakuna aliyepanda mti. Nani angehangaika na mawe wakati mto upo pale, unaonekana, unasikika hata na kipofu?

Kilimani wakasema mpaka ni mto, kwa hiyo mashamba ni yetu. Bondeni wakasema mpaka ni mto, ule aliouacha babu, kwa hiyo mashamba ni yetu. Mwanzoni walibishana kwa heshima. Walikuwa bado wanadaiana shukrani.

Kisha yakaja mahindi ya msaada. Lori lilikuja likiwa na magunia ya mahindi ya punje na ndoo nyeupe zenye mifuniko ya buluu, kila nyumba ndoo yake. Hakuna aliyejiuliza watu waliosombewa vinu watayafanyia nini mahindi ya punje. Yakichemshwa, wakubwa wanatafuna, wadogo wanalia, wazee wanameza nzima nzima na kuugua tumbo. Kwa hiyo kilimani yote na bondeni yote walielekeza miguu mahali pamoja, kwa Mama Mashine.

Pale mashineni palikuwa na utaratibu wake, wa zamani kuliko injini yenyewe. Aliyepanga foleni hakuwa mtu, ilikuwa ndoo. Unakuja alfajiri, unaweka ndoo yako nyuma ya ndoo ya mwenzako, unakwenda zako kuchota maji, kunyonyesha, kuchokoza watu. Ndoo inakusubiri. Ikifika zamu yake inasogezwa, na hakuna aliyewahi kurudi akakuta ndoo yake imerukwa. Zamani hili halikuwa na shida kwa sababu kila ndoo ilikuwa na sura yake. Kuna iliyokuwa na mkono wa waya, kuna iliyozibwa kitako kwa lami, kuna iliyokuwa na picha ya mafuta ya kupikia, kuna ile ya mjane mmoja iliyobonyea ubavuni kwa sababu aliwahi kumpiga nayo shemeji yake. Mama Mashine alizijua zote. Hata mtu asipokuwepo, alimwaga mahindi mdomoni mwa mashine akajua anamsagia nani, na yasagwe laini au yasagwe chengachenga.

Ndoo zile za zamani zilikwenda na maji. Hizi mpya zilikuwa pacha. Foleni nzima, nyeupe na buluu, nyeupe na buluu, kama mayai.

Haikupita muda, bibi kizee yule aliyebebwa vibaya akafungua ndoo yake akakuta mahindi yenye ukungu.

"Haya si yangu," akasema. "Yangu niliyapepeta kwa mkono wangu. Nani amechukua ndoo yangu?"

"Bibi, labda ni ya jirani yako," akasema mwanamke mmoja wa kilimani.

"Jirani yangu nimemwacha ng'ambo. Aliyekuwa nyuma yangu hapa ni wewe."

"Unaniita mwizi?"

"Sijakuita. Ila umeitika."

Nusura wavuane nguo. Mama Mashine alizima injini, na hilo lilikuwa jambo la kutisha kuliko matusi, kwa sababu injini ile kuwaka tena ni kudra. Aliwagawia wote wawili kutoka kwenye gunia lake mwenyewe, lile la vikombe vya ujira wa kusagia, akawaambia waende. Walikwenda, lakini kila mmoja aliondoka anajua mwenzake ni nani.

Jioni ile alimuuliza mumewe kama ile rangi ya mlango imebaki.

"Imebaki kidogo," fundi akasema. "Nyekundu. Ya nini?"

"Nizipake ndoo."

"Haitoshi ndoo zote."

"Ndiyo maana nauliza. Nitazipaka za bondeni peke yake. Mstari mmoja ubavuni. Nikiona mstari nijue huyu anavuka maji, nimsagie mapema aondoke kabla mvua za milimani hazijaujaza mto mchana. Wa kilimani wako karibu, wanaweza kusubiri."

Fundi alilifikiria. Alikuwa mtu wa kufikiria kitu mpaka uji unapoa. "Ni wazo zuri," akasema mwishowe, na kusema kweli lilikuwa wazo zuri. Tukianza kumlaumu mama huyu, tuanze kwa kukubali hilo. Alichukua ndoo ya nyumbani kwake mwenyewe, kwa kuwa nyumba yake ilihesabiwa ya bondeni, akapiga mstari wa kwanza. Kesho yake akazisimamisha ndoo za bondeni pembeni akapiga mstari kila moja, wanawake wakiisifu kazi yake na kumtania kwamba angekuwa fundi badala ya mumewe.

Na mambo yalinyooka, nakwambia. Ndoo za mstari zilisagwa kwanza, wenye nazo wakavuka mapema. Za kilimani zilifuata bila haraka. Hakuna aliyegombana, hakuna aliyebadilishiwa mahindi. Kaka yake alipokuja alizitazama zile foleni mbili, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Dada, hii serikali wangekupa wewe, tungekuwa mbali."

"Wanipe dizeli kwanza," akasema.

Mvua za kupandia zikafika. Hapo ndipo heshima ilipoisha. Vijana wa kilimani waliingia kwenye udongo mweusi wakapanda. Vijana wa bondeni walivuka wakang'oa miche. Wa kilimani wakapanda tena, safari hii na mapanga kiunoni. Siku ya soko kijana mmoja wa bondeni akakutwa shambani amekatwa, na kabla hajazikwa, nyumba ya kilimani iliyo karibu na mto ikachomwa moto na mbuzi ndani. Mtu hajui nani alianza. Ukiwauliza, kila mmoja anaanza kuhesabu pale alipoumizwa yeye.

Mkandarasi aliyeletwa kujenga daraja alikuwa amefika na mashine zake na viatu vyake virefu. Akapima huku, akapima kule, akasikia habari za mapanga, akapakia vitu akaondoka. Zile nguzo za umeme walizoahidiwa kabla ya mafuriko, zilizobaki zikiwa zimelala kwenye majani, watu walizichana kuni. Mwalimu aliyeletwa kuziba nafasi ya aliyekufa maji aliomba ruhusa ya kwenda kumwona mama yake mgonjwa, na sidhani kama mama yule amepona mpaka leo. Lori la mahindi nalo likaanza kuchelewa. Dereva alisema wakubwa wake wanataka kwanza usalama. Watu wanataka kula ndipo watulie, wakubwa wanataka watulie ndipo wale. Haya.

Ndugu wa fundi wakaanza kumtumia salamu: unakaa na adui, vuka, uje na mashine yako. Fundi aliwaza, kisha akamwambia mkewe.

"Mama, tuifungue. Tuivushe vipande vipande. Nitajenga msingi mwingine kule."

"Kwa mgongo upi?"

"Watanisaidia."

"Na wa kilimani watasaga wapi?"

Fundi akajipapasa mgongo.

"Nikiivusha, nimechagua," akasema mkewe. "Kaka yangu hatakanyaga tena kwangu. Nikibaki na nikawafungia wa bondeni, ndugu zako watakuambia uniache. Hii mashine ikisagia wote, mimi nina mume na nina kaka. Ikisagia upande mmoja, nina kimoja. Sina kingine cha kukuambia, baba watoto. Nimechoka, lakini hilo nalijua."

Hayo ndiyo yaliyomweka pale. Wengine walimwita jasiri, wengine wakamwita mkaidi. Yeye mwenyewe kila asubuhi alikuwa anajikaza tu kisabuni, anazungusha hendeli ya kuwashia injini mpaka bega linauma, anamwaga mahindi, anapokea unga, anajaribu kutomwangalia mtu usoni.

Kisha wanawake wa bondeni wakaanza kurudi wakiwa wamelowa. Mmoja alifika na ndoo tupu, nguo imetapakaa unga uliogeuka ugundi.

"Nimeuacha mtoni," akasema. "Wako juu ya kile kichuguu cha mchanga, vijana wa kwenu. Ukiondoka hapa wanakufuata kwa macho. Ukifika kwenye maji wanateremka, wanamwaga unga, wanakwambia kale mashamba yako."

"Wanakujuaje kama ni wa bondeni? Njia ile wanapita hata wa kilimani wanaokwenda kuchota maji."

Mwanamke yule alimtazama. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Mama Mashine," akasema taratibu, "si kwa ndoo? Mstari ule unaonekana hata ukiwa huko juu."

Mama Mashine alimjazia ndoo kutoka gunia lake na kumwambia, "Nitaifuta. Zote nitazifuta."

Alimaanisha. Lakini ile ilikuwa rangi ya mafuta, rangi ya mlango, fundi hakununua rangi ya mchezo. Alijaribu dizeli kwenye ndoo moja, rangi ikatapakaa ikawa wekundu mtupu, mkubwa kuliko mstari. Ilitaka kukwanguliwa kwa kisu, polepole, ndoo kwa ndoo. Na foleni ilikuwa ndefu, na mkanda ulianza kupasuka ukahitaji kushonwa, na dizeli ilikuwa inaisha, na bila mistari angejuaje nani asagiwe kwanza? Akasema kesho. Kesho akasema kesho. Usimcheke. Na wewe umewahi kuchoka.

Cheko alikuja siku ile kabla jua halijawa kali. Cheko ni binti wa kaka yake, mtoto wake wa pili, na jina hilo alipewa kwa sababu tangu utotoni alikuwa hajui kucheka kidogo. Sasa alikuwa mwanamke mzima, ameolewa hapo hapo kilimani, ana mtoto wa kunyonya aliyemwacha kwa mama yake. Alikuja na ndoo yake nyeupe imepasuka kitako, mahindi yanamdondoka njia nzima.

"Shangazi, kuku wa kilimani yote wananifuata," akasema. "Nikigeuka nyuma naona wameandamana kama wanakwaya."

Mama Mashine alicheka. Ilikuwa siku nyingi. Alimsagia laini, unga wa uji, wakaongea habari za mtoto, meno yanavyochelewa, kaka anavyozeeka na kukasirika ovyo.

"Siku hizi baba hasemeki," Cheko akasema. "Akikaa na wale vijana wake anakuwa kama wao. Mama akimwambia neno anasema wewe hujui siasa."

"Na wewe usimwambie neno. Nitamwambia mimi."

"Akusikie wewe tu. Wewe anakuogopa."

Unga ulipokuwa tayari, ndoo iliyopasuka haikufaa kubebea unga.

"Chukua yangu," Mama Mashine akasema. "Utairudisha ukija."

Akamimina unga ndani ya ndoo ya nyumba yake, akafunga mfuniko wa buluu, akamsaidia kuitwisha kichwani. Mstari ulikuwa upande wa nje. Aliuona? Baadaye alijiuliza sana swali hilo, na jibu aliloliogopa ni kwamba aliuona kama unavyouona mlango wa nyumba yako, yaani hakuuona. Cheko alijitanda mtandio juu ya uso kwa sababu ya jua, akaenda zake kwa njia inayopita ukingoni mwa mto kabla ya kupanda kilimani, kwa kuwa ndiyo fupi.

Ndoo mbili tatu zilikuwa zimekwisha kusagwa tangu aondoke, pale mtu alipokuja anakimbia. Mama Mashine hakusikia maneno kwa kelele za injini. Aliona tu mdomo wa yule mtu na mkono unaoonyesha mtoni. Alizima.

"Binti wa mwenyekiti. Jiwe. Jicho."

Alikimbia na unga mwilini. Walikuwa wamekwisha kumpeleka zahanati, na zahanati yenyewe ni jengo lenye alama ya tope ukutani iliyo juu kuliko kichwa cha mtu, bila godoro hata moja zima. Cheko alikuwa kwenye mkeka, kitambaa kimefungwa nusu ya uso, kimelowa. Muuguzi alikuwa anamwosha kwa maji ya chumvi kwa sababu kitu kingine hakikuwepo. Hakutaka kumtazama mtu machoni, na kwa hilo tu kila mtu akajua kwamba jicho lile halipo.

Nje kulikuwa na kelele. Kaka mtu alikuwa amefika, na nyuma yake wanaume wa kilimani, na mapanga. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Mwanangu. Wamemfikia mwanangu. Leo bondeni hapabaki nyumba. Nimesema leo, kabla jua halijazama."

"Kaka," Mama Mashine akasema kutoka mlangoni.

"Usinizuie, dada. Mumeo mwambie abaki ndani, wewe ni damu yangu, nyumba yako haitaguswa. Wengine wajiombee."

"Kaka, ingia kwanza umsikilize mwanao."

"Nimsikilize nini? Hajiwezi."

"Anajiweza kusema. Ingia."

Aliingia, na wawili watatu wa nyuma wakaingia naye, wakajazana kile chumba kidogo. Cheko aliisikia harufu ya baba yake, tumbaku na jasho, akageuza upande mzima wa uso.

"Baba, si wa bondeni," akasema.

"Tulia mwanangu."

"Nimewasikia wakiitana. Nawajua sauti. Mmoja alisema, huyo, huyo mwenye ndoo ya mstari. Nikataka kujifunua uso wanione, mikono ilikuwa kwenye ndoo." Alipumua. "Waliponifunua ndipo walipokimbia. Mmoja alikuwa analia. Ni wa kwetu, baba. Ni hao unaokaa nao."

Mmoja wa wale walioingia na mwenyekiti aliangalia miguu yake, kisha taratibu akatoka, na hakuna aliyemwuliza anakwenda wapi. Mwenyekiti alichuchumaa pale mkekani. Alitaka kumshika mwanawe, hakujua amshike wapi.

"Rangi ile niliipaka mimi," Mama Mashine akasema. Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei. "Ndoo ni yangu. Nilimpa mimi."

"Najua," kaka yake akasema. "Kila mtu anajua umepaka wewe. Ulipaka ili watu wasagiwe vizuri."

Wanaume wa nje walisubiri, wakaulizana, wakaambiwa, wakatawanyika mmoja mmoja bila kuagana. Bondeni haikuchomwa. Watu wa bondeni hawakujua hata kidogo kwamba siku ile walikuwa wameponea chupuchupu, walipika chochote walichokuwa nacho wakalala.

Siku zilizofuata Mama Mashine hakusaga. Alikaa mlangoni na kisu cha jikoni akikwangua ndoo. Wanawake wa bondeni walimletea zao kwa kupitia njia ya mbali, wakakaa naye, wakakwangua. Mumewe alikwangua pia, ameegemeza mgongo ukutani. Rangi ilitoka kwa vipande vidogo, lakini plastiki iliyokwanguliwa iliacha mkwaruzo, na mkwaruzo ule ulishika vumbi. Kila ndoo iliyokwisha alikuwa anaisogeza mbali na kuitazama. Alikuwa anajiambia kwamba mtu akiwa kule juu ya kichuguu hawezi kuuona. Alikuwa anakwenda kuhakikisha, anarudi, anachukua ndoo nyingine. Mikono ilimvimba. Alimwambia mumewe kwamba zikiisha zote atawasha injini, na kila atakayekuja atasagiwa kwa zamu yake, awe nani, atoke wapi, na watu wa mbali wataomba wenzao wawapishe kwa midomo yao kama watu wazima. Fundi akasema ni wazo zuri.

Asubuhi aliyowasha, wa kwanza kufika alikuwa kaka yake. Alikuja peke yake, anatembea kwa uzito, kichwani ndoo nyeupe. Mama Mashine aliacha hendeli akamwendea, akaipokea ndoo, akaiweka chini mwanzo wa foleni.

"Amelalaje?"

"Afadhali. Homa imepungua. Maziwa yamemkauka kidogo, kwa hiyo mtoto anasumbua. Wifi yako amesema mama apate uji mwepesi, maziwa yatarudi."

"Amecheka?"

Kaka yake alikaa juu ya gogo lililokuwa nguzo ya umeme, akavua kofia, akaigeuzageuza. Alikuwa amekonda. Alikuwa ndiye aliyembeba dada yake mgongoni utotoni kwenda shule mvua ikinyesha, na sasa ungefikiri yeye ndiye wa kubebwa.

"Dada," akasema, "ile rangi imebaki?"

"Haikubaki. Na ingebaki ningeimwaga mtoni."

"Siitaki nyekundu." Aliinua macho. Yalikuwa macho ya mtu aliyefikiri sana, baba wa watu, anayetaka kufanya jambo la maana. "Nilikuwa nafikiria kijani. Nikiagiza mjini nitaipata. Utupakie ndoo zetu, za kilimani. Mstari mmoja kama ule wako. Vijana wasije wakakosea tena."

Injini ilikuwa inaunguruma bila kitu ndani.

"Wasikosee," Mama Mashine akasema. "Unasema wasije wakakosea."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo kwa wale wa bondeni hawakuwa wanakosea."

Kaka yake alivaa kofia yake. Njiani walikuwa wanaanza kuonekana wengine, kutoka juu na kutoka mtoni, kila mmoja na ndoo yake nyeupe kichwani, na kutoka pale walipokuwa hukuweza kujua nani ni nani.

"Mimi sipaki tena ndoo ya mtu," Mama Mashine akasema.

"Basi nitapaka mwenyewe," akasema kaka yake, kwa upole kabisa. "Nisagie, mdogo wangu. Mtoto anangoja."

Mama Mashine alisimama kidogo na ndoo ile miguuni pake. Halafu akaiinua, akamimina mahindi mdomoni mwa mashine, akayasaga laini, mara mbili, kwa kuwa yalikuwa ya uji wa Cheko.